Somo la ndege limekwama na wewe hujakosea: kwa nini misheni za mafunzo huzeeka

Kuna malalamiko yanazunguka sana kwa vijana wanaocheza gemu za kurusha ndege huku kwetu, kuanzia Kondele na Milimani hapa Kisumu mpaka Kakamega na Nakuru. Mtu ameinstoli gemu, amesubiri usiku kucha ikashuka yote, anafungua somo la kwanza, mwalimu wa ndani ya gemu anamwambia washa swichi fulani upande wa kushoto, anatafuta swichi, haiko. Ama iko, ameiwasha, halafu mwalimu kanyamaza tu kama mtu aliyekwazwa. Dakika kumi zinapita, ndege imekaa pale pale. Hapo ndio nadharia zinaanza, ati kopi ni feki, ati laptopu haina nguvu, ati joystiki ni ile ya bei rahisi, ati wazungu wametufungia. Mara nyingi hakuna hata moja ya hizo. Somo liliandikiwa ndege ya juzi na wewe umekalia ndege ya leo.

Tuelewane maneno kwanza ndio tusipotezane njiani. Simuleta ni programu inayoiga ndege halisi, yaani mle ndani injini inakunywa mafuta, upepo unakusukuma kando, betri inaisha ukiiacha imewashwa. Zinazotajwa sana ni Microsoft Flight Simulator, X-Plane, DCS World ambayo ni ya ndege za vita, na FlightGear ambayo ni ya bure kabisa na kodi yake, yaani maandishi ya programu yenyewe, iko wazi kwa kila mtu. Misheni ya mafunzo ni safari fupi iliyopangwa tayari: ndege imewekwa mahali fulani, hali ya hewa imechaguliwa, na sauti ama maandishi yanakuongoza hatua kwa hatua. Apdeti unaijua, ni yale marekebisho yanayoshushwa kila baada ya muda. Halafu kuna triga. Triga ni sharti dogo linalosema hiki kikitokea, fanya kile. Rubani akiwasha betri, cheza sauti ya pili. Ukishaelewa triga, mengine yote yanakuwa rahisi.

Kitu wengi hawajui ni kwamba ndege na somo lake ni vitu viwili tofauti vimekaa kwa faili tofauti. Kwa DCS, faili ya misheni huishia na .miz na ukweli wa mambo hiyo ni zipu ya kawaida tu, ukiifungua na programu ya kufungulia zipu unakuta maandishi ya Lua, ambayo ni lugha ya kuandikia programu, picha, na rekodi za sauti. Kwa FlightGear somo ni faili ya XML, yaani maandishi ya kawaida yaliyopangwa kwa alama, inakaa ndani ya folda ya ndege, na kila hatua ina ujumbe wake, sharti la kuimaliza, na ukiharibu kuna maneno ya kukurekebisha. Kwa hivyo somo haliioni ndege vile wewe unaiona. Linachojua ni majina: swichi inaitwa hivi, ikifika namba hii basi imewaka, nenda hatua inayofuata. Na si ajabu aliyetengeneza ndege na aliyeandika somo wawe watu wawili ambao hawajawahi kuketi meza moja.

Chukulia umemuelekeza mgeni nyumbani kwako. Umemwambia shuka Kondele, tafuta kibanda cha kijani cha M-Pesa, hesabu mageti matatu, ukiona duka la saruji ingia kushoto. Maelezo safi kabisa. Sasa kibanda kikabomolewa barabara ikipanuliwa, duka la saruji likageuka saluni. Nyumba yako haijahama hata inchi moja, kwa kweli mtaa umekuwa mzuri kuliko zamani, lakini yule mgeni akifuata maneno yako kama yalivyo atasimama pale Kondele akizungusha kichwa mpaka giza liingie. Na atajilaumu mwenyewe kwanza, atasema labda nilishuka steji isiyo yangu. Somo la simuleta linavunjika hivyo hivyo. Linavunjika kwa sababu kitu kingine kimeboreshwa.

Sasa tuingie ndani kidogo. Kuna kuvunjika kwa aina mbili na ni vizuri uzitofautishe maana dawa zake si moja.

Ya kwanza ni kukwama. Tuseme hatua ya saba inasubiri swichi ya betri ifike namba 1. Apdeti ikaja, fundi wa ndege akaona swichi halisi ina nafasi tatu si mbili, akapanga upya, sasa kuwaka ni 2. Wewe unawasha, taa zinawaka, geji zinacheza, kila kitu kiko sawa kwa macho, lakini triga inasubiri 1 na 1 haitakuja hata ukae hapo mpaka Krismasi. Ama jina la swichi limebadilishwa kabisa, na somo linauliza habari za kitu ambacho hakiko tena. Hii inauma, lakini angalau inaonekana, mtu atapiga kelele na itarekebishwa siku moja.

Ya pili ndio mbaya na watu hawaizungumzii vya kutosha. Somo linaendelea vizuri kabisa, hatua zote zinapita, unapongezwa mwisho, na kumbe umefundishwa kitu ambacho si kweli tena. Mwalimu amesema karibia uwanja kwa spidi fulani, lakini hesabu za mabawa zilibadilishwa na spidi hiyo sasa ni kubwa ama ndogo kuliko inavyotakiwa. Amesema rada haifanyi kitu fulani, na ilishaanza kukifanya tangu apdeti ya mwaka uliopita. Hakuna kilichokwama kwa hivyo hakuna anayelalamika, halafu unaenda kucheza na wenzako onlaini unashangaa mbona ndege yako inadunda kwa runwei, ile lami ya kurukia na kutulia, kama mpira. Kwa maoni yangu afadhali somo likwame kuliko likudanganye kwa sauti nzuri.

Mifano ya kweli iko mingi. Chukua A-10C ya DCS, ile ndege ya kushambulia vifaru. Ilitoka 2011, halafu 2020 ikaja toleo la pili, A-10C II, kokpiti, yaani chumba cha rubani, ikachorwa upya na kofia ya rubani ikapata kioo cha kumuonyesha shabaha, na baadaye tena ikawekewa redio mpya ya ARC-210. Fikiria sasa somo la redio lililoandikiwa ile ya zamani: mwalimu anakuelekeza kwa kifaa na pale mahali pamekaa kifaa kingine kabisa. Au angalia F/A-18C, ndege nyingine ya vita ya DCS, iliyotoka 2018 ikiwa haijakamilika, kama wanavyofanya siku hizi, unauziwa ndege ikiendelea kujengwa. Somo lolote linaloandikwa kipindi hicho linaandikiwa ndege nusu, na kila mfumo unaoongezwa baadaye unalipita. Kwa FlightGear, Cessna 172P yao zamani ilikuwa unaingia, unawasha, unaondoka. Wajitolea wakaipenda wakaiongezea uhalisia, leo ina vizuizi vya magurudumu, kamba za kuifunga chini, kifuniko cha ile bomba ya kupima spidi, na kufuli ya usukani. Somo la enzi za kale halikuwa na sababu ya kukwambia toa vizuizi, vizuizi vyenyewe havikuwepo. Kwa hivyo unakandamiza throto, yaani mkono wa kuongeza nguvu ya injini, mpaka mwisho na ndege imekugomea.

Halafu kuna jambo ambalo hata mtengeneza gemu hana uwezo nalo, dunia yenyewe haitulii. Namba ya runwei hutokana na mwelekeo wa dira: unachukua nyuzi, unakaribisha kwa kumi, unatoa sufuri ya mwisho. Runwei ya hapa Kisumu ni 06 ukiruka upande mmoja na 24 ukitokea upande wa pili, maana yake inaelekea karibu nyuzi 60 na nyuzi 240. Lakini kaskazini ya dira inahama polepole, na ikihama vya kutosha viwanja vinalazimika kupaka namba upya. Stansted kule London ilibadilisha 2009, ikatoka 05/23 ikawa 04/22. Tampa, Florida, ikabadilisha 2011. Geneva, 2018. Lami ni ile ile, haijasogezwa, rangi tu ndio mpya. Sasa ukiwa na misheni ya zamani yenye sauti ya mwalimu akikutuma kwa namba ya kale, na ramani mpya ina namba mpya, utazunguka uwanja kama kuku aliyepoteza vifaranga. Ongeza na hili: data za urambazaji za ndege halisi, yaani masafa ya redio, njia za angani, taratibu za kutua, hutolewa upya kila siku 28 dunia nzima. Simuleta zinazofuata data hizo zinabadilika kila mwezi. Somo lililorekodiwa mara moja halibadiliki.

Hapa wacha nichepuke kidogo maana hii inatuhusu sisi watu wa huku juu. Kuna masomo ambayo hayajazeeka ila yanaonekana yamezeeka kwa sababu umeyabeba ukayapeleka mahali ambapo hayakuandikiwa. Somo likikufundishia kwa uwanja ulio karibu na usawa wa bahari litakwambia sukuma miksha, ule mkono wa kupima mafuta na hewa, mbele yote kabla ya kuruka, yaani mafuta mengi kwa hewa. Iko sawa huko. Lakini kitabu cha Cessna 152 chenyewe kinasema ukiruka kutoka uwanja ulio juu ya futi 3,000, punguza miksha mpaka injini izunguke kwa nguvu zake zote ndio uondoke. Kisumu, na vile watu hudhani iko bondeni, uwanja wake uko kama mita 1,150, tayari umepita hizo futi 3,000. Nakuru ni juu zaidi, na Eldoret imepita mita 2,100. Kwa hivyo kijana wa Eldoret anayeruka kutoka uwanja wa kwao kwa maneno ya mwalimu wa pwani anaona injini imechoka, anasema gemu ina bagi, yaani hitilafu. Haina, hewa ni nyepesi. Na cha kuchekesha, masomo ya Microsoft Flight Simulator ya 2020 yalifanyiwa Sedona, Arizona, kwa hiyo hiyo Cessna 152, na Sedona iko juu kuliko Kisumu, karibu mita 1,470. Kwa hivyo hapo hata hiyo Sedona yao si pwani.

Turudi. Zile imani za mtaani sasa.

Ati kopi ni feki. Hapana, mwenye kopi halali aliyelipa mpaka senti ya mwisho anakwama hatua ile ile. Lakini kuna kaukweli kamejificha hapo na ni ka huku kwetu. Gemu hizi ni kubwa, zingine zinapita gigabaiti mia, na bando si maji ya mvua, kwa hivyo watu hukopiana kwa diski ya kompyuta, ama mtu anazima apdeti za otomatiki ili bando isilambwe, halafu anaongeza ndege mpya peke yake aliyopewa kwa flashi. Matokeo ni ndege ya toleo moja ndani ya gemu ya toleo lingine na somo la toleo la tatu. Hapo hata wenye gemu hawawezi kukusaidia, mchanganyiko huo unao wewe tu.

Ati ukishusha apdeti masomo nayo yanajirekebisha. Yangejirekebisha vipi na hakuna aliyeyagusa? Apdeti inabeba kile watu walichobadilisha, basi. Faili ya somo inaweza kushuka upya na tarehe ya leo na ndani maneno ni yale ya miaka sita iliyopita.

Ati watengenezaji ni wavivu. Hii naielewa, na siwatetei sana, lakini piga hesabu. Tuseme ndege moja ina masomo 20, kila moja nusu saa. Kuyaruka yote mara moja tu kuangalia kama yanafanya kazi ni masaa kumi. Ukiwa na ndege kumi ni masaa mia, na hiyo ni kuangalia, bado hujarekebisha chochote, na apdeti nyingine iko njiani. Na huwezi kumpa kompyuta ikufanyie yote. Kompyuta inaweza kukagua kama swichi iliyotajwa kwa triga ipo bado, hiyo ni rahisi na nashangaa kila kampuni haifanyi. Lakini haiwezi kusikiliza mwalimu akisema spidi ya kutua ni hii na ikajua kwamba si kweli tena. Hapo anatakiwa mtu anayeijua ndege, awe na subira, na mara nyingi huyo mtu ameajiriwa kutengeneza ndege nyingine mpya maana ndege mpya ndio inauzwa. Somo lililorekebishwa halileti senti.

Na sauti ndio kichwa kinachouma kabisa. Maandishi unayabadilisha kwa dakika mbili. Sauti inataka yule yule msomaji arudi studio, na labda alishahama, labda hayuko tena kwa hiyo kazi. Ndio maana unakuta maandishi kwa skrini yanasema kitu kimoja na sauti inasema kingine. Ukikutana na hiyo hali, amini maandishi. Ni nadra sana ikawa kinyume.

Je, kuna njia ya kuandika somo lisizeeke haraka? Iko, na inashangaza vile ni ya akili ya kawaida tu. Jambo kubwa ni kusubiri matokeo badala ya kusubiri swichi. Somo baya linauliza, je, amegeuza ufunguo mpaka nafasi ya nne? Somo zuri linauliza, je, injini inazunguka? Ukiuliza injini kama inazunguka, fundi anaweza kubadilisha ufunguo, akaweka kitufe, akaongeza swichi nyingine tatu, na somo bado litapita maana injini ikiwaka imewaka. Pia usitaje herufi za kibodi. Mtu akisema bonyeza G kutoa magurudumu, siku mchezaji akibadilisha vitufe ama gemu ikabadilisha, somo limekufa, wakati ingetosha kuandika toa magurudumu na kuacha gemu yenyewe iweke kitufe kilichopo. Namba zote, spidi, masafa, kimo, ziwe kwa maandishi, na sauti ibaki na yale yasiyobadilika, kama kwa nini tunapunguza spidi kabla ya kutoa flapu, vile vibao vya nyuma ya mabawa. Na masomo yawe mafupi. Lile somo la dakika 45 la kuwasha ndege nzima, likivunjika dakika ya 40, umepoteza jioni yako yote, lakini ukiligawa mara sita kipande kimoja tu ndio kinaumwa.

Kitufe cha kuruka hatua nacho kinafaa kiwe lazima kabisa. Sijui ni nani aliamua mwanafunzi asiweze kupita hatua iliyokufa, lakini huyo mtu hajawahi kukaa na hatua iliyokufa.

Sasa wewe uliyekwama leo ufanye nini. Angalia kwanza kama gemu na ndege ni za toleo moja. Kama ni DCS, kuna zana ya kurekebisha faili, iache ipite, itarudisha zilizoharibika. Ikiwa bado, fungua hilo somo kwa kihariri cha misheni, kiko ndani ya gemu yenyewe, ama kwa FlightGear fungua tu ile XML na programu yoyote ya maandishi, tafuta hatua uliyokwama, usome inasubiri nini. Huhitaji kuwa programa. Ukiona inasubiri namba ambayo swichi yako haifikii, badilisha, na uhifadhi nakala yake kwa jina lingine na mahali pengine, nje ya folda ya gemu, kwa sababu apdeti inayofuata inaweza kufuta ulichokigusa ndani. Kama hutaki kugusa faili, chukua orodha ya kukagulia ya ndege yenyewe, nyingi huja na kitabu cha PDF, uwashe ndege kwa kitabu na somo uliache. Vitabu navyo huchelewa, lakini kitabu hakikwami hatua ya saba.

Kwa wale wanaoota kuwa marubani kabisa, na huku kwetu mko wengi tangu watoto wanaangalia ndege zikipita juu ya ziwa zikishuka uwanjani, kuna mkanganyiko mmoja lazima tuuvunje. Masaa ya simuleta ya nyumbani hayahesabiwi kwa leseni. Yanayohesabiwa ni ya mashine zilizoidhinishwa na mamlaka ya usafiri wa anga, kwa Kenya ni KCAA, chini ya mwalimu mwenye kibali, na hata hayo yana kikomo. Hiyo haimaanishi unapoteza wakati, utaingia darasani ukijua geji gani ni ya nini, hiyo si kitu kidogo. Ila ukikuta somo la gemu linakwambia kitu kimoja na kitabu cha ndege halisi kinakwambia kingine, hakuna mjadala hapo, kitabu.

Na ukiamua kuripoti somo lililovunjika, tafadhali usiandike tu "somo halifanyi kazi" halafu na emoji za kulia. Andika namba ya toleo la gemu, jina la ndege, jina la somo, maneno ya mwisho mwalimu aliyosema kabla hajanyamaza, na swichi ulizokuwa umewasha. Piga na picha ya kokpiti. Fundi akipata hayo anaweza kuifikia triga yenyewe kwa dakika chache, na bila hayo inabidi aruke somo lote kutoka mwanzo, ndio maana ripoti nyingi hulala tu hapo miezi.